Waafrika Waliotolewa Kwenye Kiwanda cha Chokoleti

Katika toleo la kwanza la hadithi ya Charlie na kiwanda cha chokoleti, iliyoandikwa na mwandishi wa Uingereza, Roald Dahl, na kuchapishwa Marekani mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa Mbilikimo kutoka Afrika. Mwenye kiwanda, Willy Wonka, anawaeleza wageni wake kwamba ni yeye mwenyewe aliyewagundua, ndani kabisa ya msitu wenye giza ambamo mzungu hakuwa amewahi kukanyaga, na kwamba aliwakuta wakiishi juu ya miti, wakila viwavi na kukaribia kufa njaa, huku roho zao zikitamani punje za kakao ambazo hawakuzipata ila kwa nadra. Akawaahidi kakao, wakakubali, naye akawasafirisha kabila zima, wanaume, wanawake na watoto, ndani ya makasha makubwa yaliyotobolewa matundu. Mshahara wao ukawa kakao. Hawatoki nje ya kiwanda, na hufanya kazi wakiimba.

Msomaji wa Kiswahili aliyepita shule ya msingi hahitaji kuelezwa makasha hayo yanakumbusha nini. Hata hivyo, watoto wengi wanaokisoma kitabu hicho leo, hapa kwetu na kwingineko, hawajui kwamba Mbilikimo hao waliwahi kuwamo, kwa sababu waliondolewa. Filamu iliyotokana na hadithi hii ilipokuwa ikiandaliwa, kabla ya kutolewa mwaka 1971, chama cha NAACP kinachotetea haki za Wamarekani weusi kilipinga namna wafanyakazi hao walivyochorwa, na mwaka 1972 mwandishi wa vitabu vya watoto, Eleanor Cameron, alikikosoa kitabu chenyewe kwa ukali. Dahl alikuwa hai na akakubali kubadilisha. Katika toleo jipya la mwaka 1973 wafanyakazi wale wakawa na ngozi nyeupe yenye wekundu kidogo na nywele za rangi ya kahawia yenye dhahabu, na kwao hakukuwa tena Afrika bali nchi ya kubuni iitwayo Loompaland.

Sasa tusome kile kilichobaki. Makasha yenye matundu yamebaki. Ahadi ya kakao imebaki, na kakao bado ndiyo malipo. Wonka anapowaeleza wageni habari za ubani wa kutafuna unaomgeuza mlaji kuwa tunda, anasema bila kusita kwamba ameujaribu kwa wafanyakazi wake ishirini na kwamba wote ishirini waligeuka matunda. Anapowaonyesha kinywaji kinachomfanya mnywaji apae, anasimulia habari za mzee mmoja miongoni mwao aliyepewa akakinywa, akapaa angani, na hakuonekana tena. Hakuna anayeuliza kama mzee huyo alikuwa na watoto. Mwaka 1973 Waafrika walitolewa kiwandani, lakini mkataba wa kazi haukuguswa hata kidogo.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote katika mjadala wa kuandika upya vitabu vya watoto, kwa sababu linanionyesha mpaka wa kazi ya kusafisha maneno. Sisemi kwamba badiliko lile halikuwa na maana. Mchoro wa toleo la kwanza unaowaonyesha watu weusi wadogo wamejipanga mbele ya bwana wao ni mchoro ambao nisingependa mtoto wangu akutane nao akiwa peke yake, na ninawashukuru waliopaza sauti hadi ukaondolewa. Ninachosema ni kwamba mtu akishaliondoa jina la aliyeonewa na kuuacha uonevu wenyewe kama ulivyo, anakuwa amemfariji msomaji wa Ulaya na Marekani kuliko alivyomheshimu Mwafrika. Msomaji yule anaweza sasa kucheka bila wasiwasi. Sisi tumefutwa katika hadithi ambayo tulikuwa sababu yake.

Nasema tulikuwa sababu yake kwa makusudi, kwa kuwa historia ya chokoleti ya Uingereza ni hiyo hiyo. Dahl alisimulia katika kumbukumbu za utoto wake kwamba, alipokuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Repton, kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwaletea wavulana vipande vya chokoleti mpya wavionje na kutoa maoni, na kwamba hapo ndipo alipopata wazo lililozaa kitabu chake. Miaka isiyozidi thelathini kabla ya hapo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imejikuta katika fedheha kubwa baada ya kujulikana kwamba kakao yake nyingi ilitoka São Tomé, kisiwa cha Wareno, ambako ilivunwa na watu waliotolewa Angola kwa nguvu na kuvushwa bahari, na wengi wao hawakurudi makwao. Mwaka 1909 kampuni ikaacha kununua kakao ya huko. Watu waliovushwa bahari ili kakao ipatikane walikuwako kweli, ingawa katika historia walipelekwa shambani na katika hadithi wakapelekwa kiwandani. Hadi leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, na kwetu Tanzania wakulima wa Kyela huilima pia, ingawa mtoto wa Kyela huifahamu kakao ikiwa bado mtini kuliko anavyoifahamu ikiwa ndani ya karatasi ya kung'aa.

Nao Mbilikimo hawakuwa viumbe wa kubuniwa. Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, alipelekwa Marekani akaonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ndani ya nyumba ya nyani. Alijiua mwaka 1916, mwaka ule ule aliozaliwa Dahl. Sidhani kwamba Dahl aliandika akiwa na habari hizo mezani, lakini jamii iliyocheka ilipomwona Wonka akifungua makasha yake ilikuwa na kumbukumbu za namna hiyo.

Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Dahl hakuwa mtu aliyeisikia Afrika kwa mbali. Aliletwa Dar es Salaam mwaka 1938 na kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, akasafiri sehemu nyingi za Tanganyika, na vita vilipozuka mwaka 1939 aliwekwa kuongoza askari Waafrika waliokuwa na kazi ya kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakikimbia nchi, kisha akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Aliyaandika hayo yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1986, na ndani yake wapo watumishi na wapishi wenye majina na tabia zao. Mtu aliyewahi kuamkiana na Waafrika kwa lugha yao, miaka ishirini na mitano baadaye akaandika msitu wenye giza na watu wanaohitaji kugunduliwa. Hilo linanisikitisha zaidi ya ujinga wa mtu asiyewahi kufika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulikumbuka. Mwaka 2017 mjane wake, Felicity, aliiambia BBC kwamba Charlie mwenyewe, yule mtoto maskini anayerithi kiwanda, alikuwa mtoto mweusi katika rasimu ya mwanzo, na ilielezwa katika mahojiano hayo kwamba wakala wa Dahl ndiye aliyeona haifai, kwa kuwa watu wangeshangaa. Kwa hiyo marekebisho ya kukidhi hisia za wasomaji yalianza kabla kitabu hakijafika kwa mpiga chapa. Mtoto mweusi aliyekuwa arithi kila kitu alibadilishwa akawa mweupe, wakabaki weusi waliokuwa vibarua, na baadaye nao wakabadilishwa wakawa weupe. Anayedai kwamba kitabu cha zamani ni kitu kitakatifu kilichotoka kamili mkononi mwa mwandishi, kisha ndipo watu wa siku hizi wakakinajisi, na aitazame safari hiyo.

Ni kwa macho hayo nilivyozipokea habari za Februari 2023, gazeti la Daily Telegraph la Uingereza lilipobainisha kwamba Puffin, wachapishaji wa Dahl, walikuwa wamefanya mamia ya mabadiliko katika matoleo mapya ya vitabu vyake. Kazi hiyo ilianza mwaka 2020, miaka thelathini baada ya mwandishi kufariki, ikafanywa pamoja na kundi la watu wanaosoma vitabu ili kuonyesha mahali panapoweza kumuumiza msomaji, na mwaka 2021 kampuni inayomiliki kazi za Dahl ikanunuliwa na Netflix. Augustus Gloop, mtoto mlafi katika hadithi ya Charlie, hakuitwa tena mnene. Bibi Twit, wa kitabu kingine cha Dahl, hakuitwa tena mwenye sura mbaya. Wafanyakazi wa Wonka, waliokuwa wanaume wadogo, wakawa watu wadogo. Katika hadithi ya wachawi wanaojificha kwa kuvaa nywele za bandia, iliongezwa sentensi ya kuwaambia watoto kwamba wapo wanawake wengi wanaovaa nywele za bandia kwa sababu nyingine na kwamba hakuna ubaya wowote katika hilo. Sentensi hiyo haikuandikwa na Dahl, wala haikuwekewa alama ya kuonyesha hivyo.

Mwandishi Salman Rushdie aliliita jambo hilo udhibiti wa kipuuzi, waziri mkuu wa Uingereza akalizungumzia kupitia msemaji wake, na wachapishaji wa Uholanzi na Ufaransa wakasema wao hawatafuata. Philip Pullman, naye mwandishi wa vitabu vya watoto, kwa upande wake alisema afadhali vitabu hivyo viachwe vitoweke madukani vyenyewe ili waandishi wengine wapate nafasi. Baada ya siku chache Puffin wakatangaza kwamba watatoa pia mkusanyo wa vitabu 17 vyenye maneno ya zamani, msomaji ajichagulie.

Badiliko lililonigusa zaidi halikuzungumzwa sana, nalo limo katika hadithi ya Matilda, yule msichana anayesoma vitabu kuliko watu wazima wote wa nyumbani kwake. Zamani iliandikwa kwamba, kwa kusoma vitabu vya waandishi hao, alisafiri kwa meli za kale pamoja na Joseph Conrad, akaenda Afrika na Ernest Hemingway na India na Rudyard Kipling. Katika toleo jipya Conrad ameondoka, na Kipling, mshairi wa dola ya Kiingereza, naye ameondoka, wakaingia Jane Austen na John Steinbeck. Lakini Afrika imeachwa kwa Hemingway. Mtu aliyekuja kwetu miaka ya 1930 kuwinda simba na tandala, ambaye Waafrika katika kitabu chake cha safari hiyo ni wabeba bunduki na wasoma nyayo, ndiye bado anayemwonyesha Matilda bara letu. Bila shaka wahariri walioketi London walikuwa na nia njema na walijua kwamba Kipling angewaletea maswali. Hawakuwa na mtu mezani wa kuwauliza kwa nini, kama wanabadilisha, Matilda asifike Afrika pamoja na Mwafrika, ilhali vitabu vya Chinua Achebe na Ngũgĩ wa Thiong'o vilikuwa vimekwishaenea duniani kabla Matilda hajachapishwa mwaka 1988. Hapo ndipo ninapoona kwamba kazi ile ilipimwa kwa malalamiko yanayotarajiwa. Pasipotarajiwa malalamiko, hapakuguswa.

Hergé, mchora katuni wa Ubelgiji, alifanya vivyo hivyo na kitabu chake cha safari ya kijana Tintin nchini Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Katika michoro ya mwanzo, ya mwaka 1930 na 1931, Tintin anaingia darasani na kuwaambia watoto Wakongomani kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946, Hergé alipokichora upya kwa rangi, somo hilo likawa la kujumlisha hesabu. Ubelgiji ikatoka ubaoni, ila midomo iliyovimbishwa na lugha ya kuwafanya watu wazima wasikike kama watoto wadogo vikabaki, pamoja na mzungu mwenye umri wa kijana anayeachiwa kila kesi aikate yeye. Mkongomani mmoja aishiye Ubelgiji alikwenda mahakamani mwaka 2007 akitaka kitabu kizuiwe au angalau kitolewe na maelezo ya kumtahadharisha msomaji, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikamkatalia. Naamini ombi lake la pili lilikuwa la haki kabisa. Dibaji ya kurasa mbili ingelitosha, na isingelifuta hata mstari mmoja wa Hergé.

Wapo watakaosema kwamba hadithi za watoto zimebadilishwa tangu zamani na kwamba sisi wenye utamaduni wa kusimuliana tunalijua hilo kuliko wengine. Ni kweli. Katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, la mwaka 1812, anayewapeleka Hansel na Gretel msituni wafe ni mama yao mzazi, na katika matoleo yaliyofuata akafanywa mama wa kambo, na ulimwengu mzima ukaendelea kuwabebesha mama wa kambo mzigo huo. Kwetu nako, akishaitikiwa "pakawa", bibi anayetamba ngano hana andiko la kumfunga. Akiona wajukuu wana hofu, Fisi atanusurika, na akiona wamekuwa watukutu, Fisi ataliwa. Lakini bibi anayebadilisha yupo mbele yetu, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kumwambia, "Bibi, juzi ulisema Fisi alikufa," naye akalazimika kujibu. Kitabu kilichobadilishwa kimyakimya kinabeba jina la marehemu jaladani, na aliyekibadilisha hatumwoni wala hatumjui. Wala marehemu huyu hakuwa mtu asiyejali: mwaka 1982, akizungumza na mchoraji Francis Bacon, Dahl alisema amekwisha kuwaonya wachapishaji wake wasithubutu kubadilisha hata mkato mmoja.

Kubadilisha kwa uwazi ni jambo jingine, na kumewahi kufanywa kwa Kiswahili vizuri sana. Mwaka 1940 ilichapishwa tafsiri ya hadithi ya Kiingereza ya Alice, iitwayo Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake, zilizofuata zile za kitabu cha Lewis Carroll, msichana anayeanguka shimoni ni msichana wa Kiafrika. Hakuna aliyedanganywa. Jina lilibadilika, sura ikabadilika, na kila mwenye kukishika alijua kwamba hadithi ya Kiingereza imevalishwa mavazi mengine kwa ajili ya wasomaji wengine. Napenda ujasiri wa namna hiyo. Mwandishi wa leo anayetaka kiwanda cha chokoleti ambamo wafanyakazi wanagoma na kudai mshahara wa fedha na aandike chake, aweke jina lake, nami nitakuwa wa kwanza kukinunua.

Kinachozuia hilo ni biashara, na ni vema kusema hivyo waziwazi. Kwa sheria ya Uingereza hakimiliki ya Dahl itadumu hadi mwisho wa mwaka 2060. Vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 300, na mwenye mali ya namna hiyo anataka iendelee kununuliwa na mashule na wazazi kwa miongo mingine bila mtu kunung'unika. Kuongeza dibaji inayomwambia mnunuzi kwamba hapa palikuwa na Mbilikimo waliosafirishwa kwenye makasha hakusaidii mauzo. Kubadilisha maneno bila kutangaza kunasaidia. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoyaona mabadiliko ya mwaka 2023 kuwa ushindi wa wanyonge. Familia ya Dahl ilipoomba radhi mwaka 2020 kwa maneno yake ya chuki dhidi ya Wayahudi, iliweka angalau taarifa inayosomeka katika tovuti yake. Kwa habari za Waafrika, hata taarifa fupi ya namna hiyo ndani ya kitabu sijaiona katika nakala nilizowahi kushika.

Binti yangu ana miaka kumi, na humsomea mimi mwenyewe, mara nyingi nikifasiri moja kwa moja kutoka Kiingereza kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha yetu ya jioni. Tulikisoma kitabu hiki kwa toleo lisilo na Mbilikimo. Tulipofika kwa yule mzee aliyepaa aliuliza, "Mama, kwa nini wao hawaendi nyumbani?" Hakuna mhariri aliyekuwa ameliandaa swali hilo, wala hakuna neno lililofutwa lililoweza kulizuia. Nikamweleza habari za toleo la 1964, za São Tomé, na za Ota Benga kwa kiasi anachoweza kukibeba mtoto wa umri wake. Hakukichukia kitabu. Aliendelea kukipenda, hasa nyimbo zake, na akaanza kumtazama Wonka kwa mashaka ambayo nadhani Wonka anastahili.

Vitabu vya Kiingereza vya watoto vilivyomo katika maktaba nyingi za shule zetu huja kwa misaada, kupitia mashirika kama Book Aid International ya Uingereza, kwa hiyo uamuzi wa London kuhusu maneno gani yabaki unafika hadi kwenye rafu zetu bila sisi kuulizwa. Mwalimu anayefungua boksi anaweza kukuta humo toleo la zamani na jipya la kitabu kile kile, na jambo la kwanza ninalomsihi ni kutazama ukurasa wa hakimiliki na mwaka wa chapa kabla ya kukiweka kitabu mbele ya darasa. Na kama yupo mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakayetaka kukitoa kitabu hiki kwa Kiswahili, atakabidhiwa na wenye mali andiko wanalolitaka wao, na pengine hatakuwa na uwezo wa kulikataa. Dibaji, hata hivyo, anaweza kuidai katika mkataba. Iandikwe na Mwafrika, iwe ya kurasa mbili au tatu kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la tano anaielewa, na ianze na yale makasha ya mwaka 1964.